Mikebe Hamsini

Mimi ni mtu wa kushuku, na ni vizuri niliseme mapema. Nikiambiwa mvua kubwa imenyesha Jinja, nampigia dada yangu simu nimuulize. Nikinunua kilo ya nyama, naipima tena nyumbani, na muuza nyama wangu analijua hilo, ndiyo maana huongeza kipande kabla sijafungua mdomo. Tabia hii nimeitoa kwa baba. Alikuwa mlinzi wa lango katika kiwanda kimoja cha nguo, na kazi yake ilikuwa kupekua mifuko ya wafanyakazi wanapotoka zamu. Tulikaa Walukuba, hapo hapo Jinja, kwenye nyumba zilizojengewa wafanyakazi hao hao, kwa hiyo watu aliowapekua saa kumi ndio tuliosimama nao kwenye foleni ya maji saa kumi na moja. Baba aliwasalimia kwa uchangamfu, nao wakaitikia kwa uchangamfu, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Sisi ni Wanubi, kizazi cha askari walioletwa kutoka Sudan zamani za Waingereza. Nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili. Nje ya ua tulisema Lusoga au Luganda, kwa sababu Kiswahili kiliwafanya majirani wanyamaze ghafla. Wapo wengi upande wetu huu wa nchi ambao wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari waliosimama mlangoni kwao. Mama alitukanya tusikitumie dukani, na mara nyingi tulimsikiliza.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa hisabati, na ndani ya hisabati nikalipenda somo la takwimu ambalo wenzangu wengi hulikimbia. Kwenye aljebra namba inaletwa mezani na hakuna anayeuliza imetoka wapi. Kwenye takwimu unaruhusiwa kuuliza: nani alihesabu, alihesabu siku gani, alikuwa amesimama wapi. Mtu kama mimi hapo ndipo nyumbani kwake.

Nilianzia shule moja ya Jinja, upande wa Mafubira. Likizo moja niliwapa wanafunzi kazi ya kuhesabu malori yanayopita barabara ya karibu na kwao, kila siku kwa wiki nne, kisha watengeneze jedwali, watafute wastani na kuchora grafu. Shule ilipofunguliwa nikaanza kusahihisha. Daftari la kwanza safi kabisa. La pili safi. Nilipofika la sita nikaona kwamba watoto wote hawa walihesabu malori tarehe thelathini na moja ya Aprili. Nikarudi nyuma, nikatazama tena, nikaenda mbele: darasa karibu zima lilisimama barabarani siku ambayo Mungu hakuiumba. Kumbe duka moja la fotokopi karibu na stendi ya bodaboda lilikuwa limeitengeneza kazi yangu na kuiuza juu ya kaunta pamoja na kalamu. Mwenye duka alijua kuchora grafu, ila kalenda hakuwa nayo.

Niliwapa wote sifuri. Wazazi wakaja, mkuu wa shule akaniomba nilegeze kamba, nikakataa, tukakosana. Mwaka uliofuata nikahamia Mbale, nikaenda na kanuni zangu. Niliziandika ubaoni siku ya kwanza, nikawaambia wanafunzi wazinakili kwenye jalada la ndani la daftari. Kazi za nyumbani ni alama thelathini katika mia. Kazi iliyochelewa haipokelewi hata ukija na barua ya daktari. Wawili wakinakiliana, wote sifuri. Na mtu akipika namba, yaani akikaa kitandani na kubuni vipimo ambavyo hakuvipima, anapoteza alama zote thelathini za muhula mzima. Nasikia waliniita Mpelelezi. Sikuudhika hata kidogo.

Namba zilizopikwa nazijua. Mwanafunzi anayebuni vipimo huogopa kurudia namba, kwa hiyo haandiki tatu zinazofanana zikifuatana hata siku moja. Huogopa sifuri na tano mwishoni, kwa sababu anadhani zinaonekana za uvivu. Anazipanga karibu na wastani, moja juu, moja chini, kwa adabu. Vitu vya kweli havina adabu hiyo. Pima mayai hamsini utaona: moja kubwa ajabu, matatu sawasawa, dogo moja la kusikitisha. Kila mwaka niliwanasa watano au sita kwa njia hii, na nakiri nilifurahi kila mara.

Mwaka ninaotaka kuueleza, nilikuwa na darasa la kidato cha tano. Niliwapa kazi kubwa ya muhula: kila mmoja achague kitu cha aina moja, akipime uzito mara hamsini, kisha anipe wastani na mtawanyiko, yaani namna vile vipimo vinavyosambaa mbali na wastani. Niliomba mizani mbili ndogo kutoka maabara ya fizikia, na wanafunzi wakawa wanazichukua nyumbani kwa zamu, kila mmoja siku moja, akitia sahihi kwenye karatasi. Walileta mayai, parachichi, chapati, vipande vya sabuni. Mmoja alipima mbuzi mmoja kwa siku hamsini, kwa mizani ya kinu cha jirani, na mbuzi akanenepa, akaniharibia wastani wote.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana wa Namatala, mtaa wa vinu vya mpunga. Alikuja shuleni kwa miguu kila asubuhi, viatu vimeoshwa, akakaa safu ya pili, na hakuuliza swali mpaka awe amelifikiria kwanza. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wachache ambao shule iliwasomesha bila karo. Sharti lake lilijulikana na kila mtu: mwisho wa muhula jumla yake ya hisabati isishuke chini ya sitini. Ikishuka, kamati inamwondoa kwenye orodha, na nafasi inapewa mwingine. Mama yake alikuwa anauza mchele uliovunjika karibu na vinu, ule unaobaki baada ya mchele mzima kuchaguliwa, na aliuuza kwa mkebe. Bila nafasi ile, msichana angekaa naye pale kwenye magunia.

Daftari lake nilifungua la mwisho, nikitegemea kupumzika. Juu aliandika kwa mwandiko wake wa wima: Uzito wa mkebe mmoja wa mchele. Chini yake vipimo hamsini vya gramu. 412, 412, 411, 413, 412, 412, 412, 410, 412. Niliteremka na kidole mpaka mwisho. Kilichozidi kabisa kilikuwa 414, kilichopungua kabisa 410. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi, na mtawanyiko haukufika hata gramu moja.

Nikaweka kalamu chini nikacheka peke yangu. Haiwezekani. Mkono wa binadamu unachota mchele mara hamsini, unamimina, mchele mwingine unabaki kwenye kona, mwingine unamwagika, na bado unatoa gramu nne tu za tofauti? Mashine ya kiwandani ingejisifu. Niliona kama binti huyu ameisikia mihadhara yangu yote kuhusu wapishi wa namba, akajua kwamba wanaogopa kurudia, akaamua kunizidi akili kwa kurudia mpaka basi. Jambo hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikaandika kwa wino mwekundu: Zimepikwa. Sifuri.

Alinifuata baada ya kipindi.

“Nilipima mwenyewe, madamu. Zote hamsini.”

“Kwa mkebe gani? Wa dhahabu?”

“Mkebe wa mama. Yeye alikuwa anajaza, mimi napima.”

“Vizuri. Jumamosi tutakwenda kwa mama tukapime tena, mimi na wewe.”

Hapo uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimemtazama kwa makini, kama baba alivyotutazama tukisema hatujui nani kamaliza sukari, na nikaona vizuri kabisa jinsi rangi ilivyomtoka.

“Si lazima, madamu,” akasema.

“Ni lazima.”

“Mama ana kazi nyingi Jumamosi.”

Nikajua nimemshika. Mtu aliyesema kweli anapenda kupimwa, ndivyo nilivyoamini siku zote. Huyu alikuwa anatafuta mlango wa nyuma.

Jumamosi saa tisa nilichukua mizani yangu ya jikoni, nikaitia kwenye mkoba mweusi pamoja na faili lenye daftari lake, nikapanda bodaboda mpaka Namatala. Msichana alinisubiri njiani penye daraja dogo. Tulipita kati ya vinu, pumba zikitupepea usoni, watu wakibeba magunia. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya gunia lililofunguliwa mdomo. Mbele yake palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha kubanduka karatasi. Nilimsalimia kwa Kiswahili. Lumasaba siijui zaidi ya salamu mbili, Luganda nilihisi haipendi, na Mbale iko karibu na Kenya, watu wengi wanakifahamu Kiswahili kidogo. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Akasimama upesi, akaifuta mikono kwenye gauni.

“Kalibu, afande,” akasema.

Nilicheka. Watu wamenitania kwa jeshi la babu yangu tangu nikiwa darasa la kwanza, nikadhani huyu naye ananitania. Nikatoa mizani, nikaiweka juu ya sanduku, nikafungua faili na kutoa kalamu. Msichana alimwambia mama yake maneno ya haraka kwa Lumasaba. Mama akajibu kwa ufupi bila kuniondolea macho. Nilitaka kujua wanaambizana nini, nikaona bila shaka binti anampanga mama aseme nini.

“Kiswahili tafadhali,” nikasema, “au mnyamaze wote.”

Wakanyamaza wote. Mama akainama nyuma ya gunia, akashughulika kidogo na vitu vyake, akainuka na mkebe mkononi.

“Naomba unijazie mara ishirini, mama. Kama unavyomjazia mteja.”

“Sisi napima vizuli, afande. Angalia mwenyewe.”

Akachota. Alijaza mkebe mpaka mchele ukafanya kilima juu, akaongeza kiganja, akamimina kwenye mfuko, nikapima. 463. Akachota tena, kilima kirefu zaidi, kiganja kikubwa zaidi. 478. Halafu 455. Halafu 481. Jasho lilimtoka puani. Wanawake waliouza jirani walikuwa wameacha kazi wakitutazama, na mmoja akafunika mchele wake kwa kitambaa akaondoka. Nilipofika kipimo cha ishirini, kidogo kabisa kilikuwa 449. Hapakuwa na 412 hata moja, wala namba ya karibu nayo.

Sitasema uongo, nilisikia raha. Nikaweka karatasi yangu kando ya daftari, nikamwita msichana atazame.

“Haya ndiyo mambo ya kweli,” nikamwambia. “Unaona zinavyosambaa? Sasa zile zako ulizitoa wapi?”

Alitazama karatasi, akamtazama mama yake, akatazama wale wanawake jirani. Nilimngoja bila kumsaidia, maana nilishajifunza zamani kwamba ukimsaidia mtu kusema, atasema unalotaka.

“Nilizipika, madamu,” akasema.

Mama hakuuliza tumesema nini. Alikuwa anafunga mfuko mmoja mkubwa wa mchele, akanipa kwa mikono miwili. Nikakataa. Akausukuma tena, nikakataa tena, nikajiona mwalimu mwadilifu kuliko wote katika wilaya. Nilirudi nyumbani nikaingiza sifuri kwenye rejista, alama thelathini zikamtoka, na jumla yake ikawa hamsini na saba. Nikapeleka rejista ofisini wiki ya mwisho ya muhula kama inavyotakiwa. Kamati ilikuwa ikutane siku kumi baadaye.

Siku ya tatu dada yangu alikuja kutoka Walukuba kunitembelea. Dada anapenda kupika mchele uliovunjika kwa maziwa, kama alivyofanya mama, na asubuhi akatoka na kikapu. Alirudi na mikebe miwili ya mchele kutoka Namatala, akanisifia muuzaji: mama mmoja safi sana, anakata juu ya mkebe kwa rula ya shule kama seremala, hamwagi hata punje. Walisemezana Luganda na kucheka pamoja. Mimi nikafanya kama ninavyofanya kila siku kwa kila kitu kinachoingia jikoni kwangu. Nikaleta mizani, nikapima mfuko wa kwanza. 412. Nikapima wa pili. 411.

Niliketi. Dada akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia anionyeshe huyo muuzaji yuko wapi, akaeleza kilipo kinu, na rangi ya mwavuli, na kigoda.

Mchana huo nilikwenda Namatala bila mkoba. Nikasimama upande wa pili wa njia, nyuma ya lundo la pumba, mtandio nimeushusha mpaka kwenye nyusi. Nimewahi kupeleleza mengi maishani na kila mara nilitaka kuona. Siku hiyo nilitamani nisione. Mama wa msichana alikuwa na mikebe miwili, inayofanana kwa nje. Mmoja ulikaa nyuma ya gunia, umefunikwa. Mwingine alikuwa anauzia. Alijaza, akapitisha rula juu mara moja tu, polepole, mchele ukawa bapa kama meza, akamimina kwa mteja. Alipougeuza kuukung'uta, nikaona kitako chake kimegongwa kikaingia ndani kama bakuli lililopinduliwa. Alirudia na mteja mwingine, na mwingine, mkono uleule, mwendo uleule. Mkono ule haukutetereka kwa sababu ulikuwa unafanya kazi hiyo tangu asubuhi mpaka jioni kwa miaka mingi. Sijaona mtu anayepunja watu kwa uangalifu kiasi kile.

Njiani kurudi nilielewa yote kwa mpigo mmoja, na niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mwanamke yule hakunitania. Alimwona mtu aliyevaa nadhifu, mwenye mkoba mweusi, mizani, faili, anayesema Kiswahili kwa amri, anayewaambia watu wanyamaze. Akaniita afande kwa sababu aliamini mimi ni mtu wa serikali niliyekuja kukagua vipimo, akauficha mkebe wa kila siku, akatoa ule mzuri, akajaza vilima kwa hofu. Ile raha niliyoisikia pale penye sanduku ilitokana na vipimo nilivyoviharibu mimi mwenyewe kwa kufika tu. Vya kweli vilikuwa kwenye daftari la mtoto, nami nilikuwa nimeviandikia sifuri.

Nilimwita msichana shuleni kesho yake. Shule ilikuwa tupu, likizo imeanza, tukakaa kwenye ngazi za maabara.

“Nimeuona mkebe,” nikasema.

Akainamisha kichwa. Hakushangaa kama nilivyotegemea.

“Mimi namwambia mama kwamba huyu ni mwalimu wangu,” akasema. “Mama anakataa. Anasema, mwalimu gani natembea na mizani?”

“Na wewe kwa nini hukuniambia? Ulikuwa unajua namba zako ni za kweli. Ulikuwa unajua nafasi yako itakwenda.”

“Ningesema nini, madamu? Watu wote wa soko walikuwa pale.” Alivuta soksi yake juu, akaishusha. “Wewe siku ile ulikuwa nataka muongo moja. Mimi naona heri ikuwe mimi.”

Nilisikia uchungu na nikasikia hasira pia, kwanza juu yangu, halafu juu ya mama yake, maana wanaonunua mkebe ule ni watu wa Namatala wasio na uwezo wa mchele mzima. Halafu hasira ikanirudia tena mwenyewe. Nikamwambia nitairudisha alama yake. Akaniomba jambo moja tu: nisiuandike mkebe popote.

Kubadilisha alama ambayo imeshafika ofisini kunahitaji fomu, na fomu ina nafasi ya sababu. Nilikaa nayo jioni nzima. Sababu ya kweli ilikuwa mkebe wenye kitako kilichobonyea. Ningeuandika, ungesomwa na mkuu wa taaluma, karani, na kamati ya watu saba, na wawili kati yao huwa sokoni Namatala kila wiki. Kwa hiyo mimi, niliyewanyang'anya watoto alama miaka yote kwa kubuni, nikabuni. Nikaandika kwamba katika kusahihisha nilichanganya daftari la mwanafunzi huyu na la mwingine.

Mkuu wa taaluma aliisoma fomu mara mbili. Ni mzee mtaratibu, na siku zote alinisifu mbele ya walimu vijana.

“Wewe umechanganya madaftari,” akasema.

“Ndiyo.”

“Wewe.”

“Nilikuwa nimechoka.”

“Sawa. Basi yule mwingine ndiye aliyepika namba. Jina lake nani, tumpe hiyo sifuri?”

Nikasema hakuna mwingine, niliyapitia tena yote na hakuna aliyepika. Akavua miwani. Akaniuliza basi sifuri ilitoka wapi, nikasema nilikosea, akaniuliza nilikosea wapi, nikasema mahali pengi. Nilisikia sauti yangu ikipanda kama ya watoto ninaowahoji mimi.

“Mama yake si anauza mchele?” akauliza.

“Anauza.”

“Alikupa mchele?”

Nikasema hakunipa. Mwishowe akatia sahihi, kwa sababu alama za kazi zilikuwa ndani ya mamlaka yangu, lakini akaniambia kwamba kuanzia muhula ujao rejista zangu zitapitiwa na mwalimu wa pili kabla ya kufika kwake. Walimu wengine walijua kabla sijatoka nje. Ningekuwa mimi nimekaa kwenye kiti chake ningefanya vivyo hivyo, na pengine nisingetia sahihi.

Kamati ilikutana, jina la msichana likabaki kwenye orodha kwa jumla ya themanini na tano. Muhula ulipofunguliwa alikuja ofisini kuchukua daftari lake. Nilikuwa nimeufuta wino mwekundu kadiri ilivyowezekana, na pembeni nimeandika alama mpya. Alilifungua, akaangalia, akalifunga.

“Uliandika sababu gani, madamu?”

“Kwamba nilichanganya daftari lako na la mtu mwingine.”

“La nani?”

“Hakuna mtu.”

Alifikiria, kama anavyofikiria kabla ya kuuliza swali. Hakuonekana kufurahi, wala kunilaumu.

“Basi saa hii waongo tuko watatu,” akasema, akachukua daftari lake akaenda darasani.